Memo Isiyo na Mchanga

Inspekta Dida alizipanga memo tisa juu ya benchi la kituo, moja kando ya nyingine, kama mtu anayepanga vikombe vya wageni. Ilikuwa saa moja asubuhi. Saa nane mchana gari lingeondoka Isiolo kwenda Meru, na ndani yake angekuwemo mzee Lochoro, fundi wa mto mdogo, akashtakiwe kwa vifo vya watu wawili.

"Bado unasoma tu?" Bwana Ndungu, mkuu wa kituo, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Kivuko cha Gotu kimevunjwa na mafuriko. Natabo muuza maziwa amekufa, Aule taniboi wa lori amekufa. Karatasi inasema kivuko ni kizima, na chini yake kuna sahihi ya Lochoro. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta kama aliyetia sahihi ndiye aliyesema, afande."

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ona hizo memo zake zilivyo fupi!" Ndungu akacheka peke yake, akanywa chai. "Saa nane, Dida. Si saa nane na robo."

Kweli zilikuwa fupi. Hakuna hata moja iliyofika nusu ya karatasi. Dida mwenyewe, ambaye ripoti zake zilikuwa ndefu kama kamba ya kisima, alizisoma kwa wivu kidogo.

Mradi wa kivuko ulikuwa na uwanja wake Chechelesi, na uwanjani humo walijenga mto mdogo. Ulikuwa mfereji wa saruji wa hatua ishirini, umejazwa mchanga uliochimbwa Gotu kwenyewe, na kivuko chake kilikuwa cha vibao vya saruji visivyozidi kiberiti. Wakifungulia maji ya tangi, mto unafurika mbele ya macho yako, na wewe unatazama ni wapi utakula ardhi kabla mto mkubwa haujafanya hivyo. Kila jaribio lilikuwa na memo yake, kwa Kiswahili, ili hata nyapara wa Gotu aisome bila mkalimani.

Dida akachukua ya nne.

*Jaribio la 4. Kivuko kilisimama. Maji yalipanda hadi alama ya futi saba, muda wa dakika arobaini. Mchanga ulichimbika upande wa kaskazini, kina cha kidole kimoja. Tusilolijua: hatukutia miti. Mto ukija na mikoma iliyong'olewa, hatujui.*

Akachukua ya sita. *Kivuko kilivunjika.* Basi. Neno la kwanza kabisa, hakuna kuzunguka. Halafu namna kilivyovunjika, halafu tusilolijua. Ya saba vivyo hivyo. Ya nane ilisema kivuko kimeongezewa mawe na kimesimama, na kwamba jaribio la miti lingefuata maji yakipatikana.

Kisha ya tisa, tarehe kumi na mbili Machi.

*Jaribio la 9. Kivuko kimestahimili mafuriko makubwa pamoja na miti. Kilipimwa mara tatu. Kifunguliwe kwa magari. Tusilolijua: hakuna.*

Dida akairudia mara ya pili, na ya tatu. Memo nane zilisema kivuko kilifanya nini. Hii ya tisa ilisema watu wafanye nini. Na lile "hakuna" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Huyu mtu alikuwa na jambo asilolijua mara nane mfululizo. Siku gani aliamka akajua yote?

Akazikusanya karatasi, akaenda seli.

Lochoro alikuwa ameketi akiegemea ukuta, miguu ameinyoosha, nywele za pembeni zimeanza mvi.

"Habari, mzee."

"Mzuri, afande. Chai yenu ni maji moto tu, lakini nashukuru."

"Hii ya tisa, ni wewe uliiandika?"

Lochoro akaishika mbali kidogo na uso, kama wafanyavyo watu ambao macho yameanza kuwachokoza. "Sahihi ni yangu. Maneno si yangu."

"Sasa mtu mzima anawekaje sahihi kwa maneno ambayo si yake?"

"Sahihi ilitangulia." Mzee akairudisha karatasi. "Memo zinaondoka Alhamisi na gari la posta, na mimi wiki mbili niko Gotu nasoma kipimo cha mto. Kwa hivyo naacha karatasi tupu nimezitia sahihi pale chini. Natuma maneno na dereva, Njambi anayapiga taipu hapo juu. Tumefanya hivyo tangu mwaka wa sabini na nane."

"Karatasi tupu! Na jana mbona hukuniambia?"

"Jana uliniuliza kama sahihi ni yangu. Hukuniuliza lingine."

Dida akavuta pumzi. Alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, waongo wa kuzaliwa na waongo wa kujifunza, lakini mtu wa namna hii alikuwa adimu.

"Hili jaribio la tisa lilifanyika?"

"Mimi nilikuwa Gotu. Nilipoondoka tangi lilikuwa kavu. Lililofuata sikuliona."

"Mzee, nisaidie nikusaidie. Sema halikufanyika."

"Sikuwepo, afande. Injinia anaweza kuwa alilifanya na vibarua. Siwezi kusema halikufanyika."

"Gari la Meru linaondoka saa nane!"

"Nimesikia." Lochoro akatazama miguu yake. "Nilikuwa Gotu siku waliyofungua kivuko. Niliona magari yanavuka, nikajiambia, basi wamepima. Ningeuliza. Sikuuliza. Hilo ndilo haliniachi nikalala, si hii pingu."

Dida akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Nani alijua kwamba unaacha karatasi zilizotiwa sahihi?"

"Njambi. Ndiye mwenye ufunguo wa droo zinamokaa. Na Injinia, bila shaka."

Kutoka kituoni mpaka Chechelesi ni mwendo wa miguu, na Dida alitembea upesi. Kichwani mwake alikuwa na jina moja, Njambi. Mwenye ufunguo ndiye mwenye droo, na mwenye mashine ndiye mwenye maneno. Tena watu walisema kaka yake alikuwa na lori la kubeba mbuzi, na alikuwa amechoka kuzunguka njia ndefu kwa sababu kivuko hakijafunguliwa.

Njambi alimpokea bila kusimama, vidole bado viko juu ya taipu. Alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara.

"Habari ya asubuhi, afande. Umekuja kunifunga na mimi?"

"Nimekuja kuuliza, mama. Kaka yako ana lori?"

"Alikuwa nalo. Aliliuza Desemba, akanunua mashine ya kusaga Nanyuki. Uliza mtu yeyote." Akamtazama juu ya miwani. "Hilo ndilo swali lako kubwa?"

Dida akajikuna shavu. Lile jina moja lilianza kuyeyuka. "La pili basi. Memo ya tisa uliipiga wewe?"

"Mimi. Hapa kuna taipu moja, na anayeijua ni mmoja."

"Ulipata wapi maneno?"

"Kwa trei yangu, kama siku zote. Yaliandikwa na penseli, herufi kubwa kubwa."

"Iko wapi hiyo karatasi ya penseli?"

"Iliwasha jiko la chai. Zote huwasha jiko. Ningejua ina kesi ndani yake ningeitia kwa fremu."

Dida akakaa kwenye kiti cha wageni. Kiti kikalia. Akanyamaza, kwa maana alikuwa amejifunza zamani kwamba mtu mwenye kazi mkononi hawezi kuvumilia kimya cha mtu asiye na kazi. Njambi akavuta brashi ndogo kando ya mashine, akaanza kusafisha herufi, moja moja.

"Hiyo brashi ni ya nini?"

"Ya mchanga wa mzee Lochoro. Yule mzee anaandika akiwa amechuchumaa pale mtoni, karatasi kwa goti. Barua yake ikifika, ukiikunjua, mchanga unamwagika. Unaingia kwa mashine, herufi *e* inakwama. Kila memo yake lazima nipige brashi kwanza. Namlaumu lakini nimezoea, ni kama…" Mkono wa Njambi ukasimama hewani.

"Ni kama nini, mama?"

"Hiyo ya tisa sikupiga brashi."

Nje kibarua mmoja alikuwa akigonga chuma. Waliyasikia mapigo matatu, manne.

"Una hakika?"

"Karatasi ilikuwa safi. Imekunjwa mara moja tu, vizuri, kama barua ya ofisi. Na mimi nikafurahi! Nikasema leo mzee amepata meza." Akauweka mkono mdomoni. "Afande, mimi nimeyapiga hayo maneno kwa vidole vyangu. Natabo alikuwa akiniletea maziwa hapa mlangoni."

Dida akauliza kwa sauti ya chini, "Yule anayeleta barua za mzee ni dereva yupi?"

"Roble, wa lori la maji. Yuko hapo nyuma chini ya gari. Ukiona miguu ndiyo yeye."

Miguu ilikuwepo, imetokeza chini ya tangi kubwa la kijani lililoandikwa MAJI.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Kama ni mambo ya kodi, mimi nimekufa," sauti ikasema kutoka chini.

"Ni Inspekta Dida."

"Basi nimekufa zaidi." Roble akajivuta nje, uso mzima mafuta. "Sema, ndugu yangu."

"Jaribio moja la mto mdogo linakula maji kiasi gani?"

"Tangi hili zima, mara mbili. Mto mdogo una kiu kuliko ngamia."

"Kuna bomba hapa uwanjani?"

"Bomba?" Roble akacheka. "Hilo bomba lilikohoa mara ya mwisho wakati wa Krismasi. Kila tone la uwanja huu limepita nyuma ya mgongo wangu."

"Na barua za mzee Lochoro, mwezi wa tatu ulileta ngapi?"

"Hakuna. Sikufika Gotu mwezi wa tatu. Sikuleta barua, na hapa sikuleta hata maji ya kunawa."

"Ulikuwa wapi?"

"Kulamawe, kwa shule. Visima vyao vilikauka, watoto wanakunywa matope. Wiki mbili na nusu, kila siku kwenda na kurudi. Hapa Chechelesi watu walinitukana mpaka nikazoea, lakini amri ni amri."

"Amri ya nani?"

"Karatasi itakuambia. Mimi nikisema injinia amesema, kesho nitaendesha punda."

Akaingia ndani ya gari akatoa kijitabu cha tiketi za kazi, zile karatasi ambazo kila safari ya gari lazima iandikwe, kutoka wapi kwenda wapi na kwa ruhusa ya nani. Dida akafungua kurasa kwa ncha ya kidole. Tarehe nne Machi, Kulamawe, shule. Tarehe tano, Kulamawe. Sita. Saba. Tarehe kumi na mbili, siku ya jaribio la tisa lililofanywa mara tatu, Kulamawe, shule. Mpaka tarehe ishirini. Na mbele ya kila safari, kwa wino wa buluu, sahihi ileile: *B. Wainaina*.

Jaribio moja lilitaka matangi mawili. Matatu yalitaka sita. Na uwanjani halikuingia hata moja.

Ilikuwa saa tano na nusu Dida alipobisha mlango wa Injinia Bedan Wainaina. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na tatu, shati limepigwa pasi, ametoka Nyeri mwaka mmoja tu uliopita kuchukua nafasi ya injinia mzee aliyestaafu. Mezani alikuwa na ramani ya mto, ameikandamiza kwa mawe mawili.

"Karibu, Inspekta. Hii habari imetuumiza sisi sote. Mzee Lochoro nilimwamini."

"Asante. Nina maswali madogo tu, ya kujaza faili. Jaribio la tisa, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliona kwa macho?"

"Nilisimama palepale. Mara zote tatu."

"Na miti ikatiwa?"

"Vijiti, ndiyo. Vya kuigiza mikoma."

"Kivuko kikasimama."

"Kikasimama kabisa."

Dida akaandika polepole, neno kwa neno, kalamu ikikwaruza. Wainaina alitazama ile kalamu.

"Maji yalitoka wapi, Injinia?"

"Kwa lori. Maji hapa yanatoka kwa lori."

"La Roble?"

"Hatuna lingine."

Dida akakitoa kijitabu mfukoni, akakifungua tarehe kumi na mbili, akakiweka juu ya ramani, katikati ya yale mawe mawili. Injinia akasoma sahihi yake mwenyewe. Akafunua ukurasa wa nyuma, akafunua wa mbele, kama mtu anayetafuta siku iliyopotea. Kisha akakaa.

"Sikuyauza," akasema mwishowe. "Andika hivyo. Yale maji sikuyauza."

"Najua. Yalikwenda shule."

"Mwalimu mkuu alikuja hapa na chupa. Akaiweka hapo ulipoweka kitabu. Akaniambia, hii ndiyo wanayokunywa watoto, injinia, na wewe unamwaga matangi mazima kwa mchanga. Ungefanya nini, Inspekta?"

"Ningempa lori."

"Nikampa lori! Halafu Nairobi wanapiga simu, kivuko kinafunguliwa mwisho wa Machi, wageni wamealikwa, memo ya miti iko wapi? Jaribio la nane lilisimama vizuri. Nikafanya hesabu kwa karatasi, nikaona inawezekana. Hesabu ilikubali, Inspekta, naweza kukuonyesha."

"Hesabu ya miti pia?"

Wainaina akalisogeza jiwe moja la ramani.

"Mkoma ukija na maji," Dida akasema, "unakuja na mizizi yake na udongo wake wote. Mimi nimezaliwa mtoni, nimeuona ukibeba boma zima. Mzee Lochoro anaujua kunishinda, na bado aliandika hajui. Wewe uliandika hakuna usilolijua. Tena kwa karatasi yenye sahihi yake."

"Memo zinatoka kwa jina lake. Ndivyo nilivyokuta."

"Zinatoka kwa jina lake kwa sababu anachuchumaa pale mchangani. Ilikuwa na shida gani kuandika ukweli?"

"Ningeandika nini? Kwamba nimeshindwa kazi? Mwaka wangu wa kwanza?"

"Ungeandika: *Jaribio la tisa halikufanyika, maji yamekwenda shule ya Kulamawe.* Hebu hesabu maneno, Injinia. Hata mstari wa pili hayafiki. Nani huko Nairobi angekufukuza kwa hilo? Kwa maji ya watoto?"

Mikono ya Wainaina ilikuwa juu ya ramani, kidole kimoja kimekanyaga Gotu bila yeye kujua. Akaanza kulia kimya, uso haukunjamani, kama tangi linalovuja.

Dida akamsubiri. Alipomaliza, akamsogezea karatasi na kalamu.

Ya kwanza ilijaa ukurasa mzima. Ilianza *Kutokana na hali ngumu ya ukame uliolikumba eneo hili*, ikapita kwa mwalimu mkuu, ikapita Nairobi, ikarudi kwa ukame. Dida akaisoma mpaka mwisho, kwa heshima.

"Jibu sijaliona."

Ya pili ilikuwa nusu ukurasa, na Nairobi bado ilikuwemo.

"Mkuu wangu husoma akiwa amesimama," Dida akasema. "Na sasa ni saa sita na nusu."

Wainaina akaandika ya tatu. Safari hii mkono haukusita.

*Jaribio la 9 halikufanyika. Memo niliitunga mimi, Bedan Wainaina, juu ya karatasi tupu yenye sahihi ya Lochoro, naye hakujua. Maji nilipeleka shule ya Kulamawe. Tusilolijua: kama jaribio lingefanywa, sijui kivuko kingesimama au la.*

Akatia sahihi. Dida akamwambia avae koti, waende pamoja.

Bwana Ndungu aliisoma akiwa amesimama kweli, mlangoni, gari la Meru likinguruma uani. Akaisoma mara moja tu. Akamtazama injinia kuanzia viatu hadi kola, akamtazama Dida, na kile kicheko cha asubuhi hakikuwepo mahali popote.

"Mfungue mzee," akasema. "Na huyu mpe kiti. Nitamwandikisha taarifa mwenyewe."

Lochoro alitoka akisugua kifundo cha mkono. Walipompa ile karatasi aishike mbali na uso, aliisoma polepole, midomo ikitikisika, na alipofika mwisho akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeona kazi iliyofanywa sawasawa hata kama imefanywa na adui. Wakapishana mlangoni, yeye na Wainaina. Injinia akainamisha uso. Mzee akasimama kidogo, halafu akapita.

Nje jua lilikuwa utosini. Dida alidhani mzee angeelekea nyumbani kwake, lakini Lochoro alisimama kando ya barabara akitazama upande wa mashariki.

"Roble anakwenda Gotu leo?"

"Saa tisa, nadhani. Pumzika kwanza, mzee. Umelala kwa saruji siku nne."

"Mama yake Natabo yuko kule. Aliambiwa ni mimi. Nataka anisikie mimi mwenyewe. Kwamba si mimi niliyeandika, na kwamba niliacha sahihi yangu ovyo, na kwamba niliona magari yanavuka nikanyamaza."

"Huyo mama ana uchungu. Mwambie kwa kifupi tu, urudi."

Lochoro akamtazama kwa huruma, kama vile yeye ndiye afande na mwenzake ndiye aliyetoka seli.

"Hapana, Inspekta. Hilo sitaliweka fupi. Nitakaa chini, na nitakaa mpaka yeye amalize kuuliza."

Akavuka barabara kwenda kumngoja Roble.